Muuza Taa Hakuja

Jioni hiyo pia kishale cha kijani hakikutokea.

Alikaa mbele ya kompyuta, miguu ameikunja juu ya kiti, chai pembeni imepoa hadi imevaa utando. Kwenye skrini palikuwa na mtaa wa kuchorwa: kulia duka la mshonaji, kushoto kibanda cha taa, katikati barabara tupu. Kishale chake mwenyewe, cha zambarau, kilizunguka barabarani kama mtu aliyedondosha ufunguo. Alikipeleka kibandani, akakirudisha dukani, akakipeleka tena. Anayemtazama angesema mwalimu anaandaa somo la kesho. Lakini moyo wa mwenzio ni msitu, hujui kinachoungua ndani.

"Dada," mdogo wake alisema kutoka mlangoni, taulo begani, "huyo muuza taa wako kafunga duka?"

"Naandaa somo."

"Somo gani linaandaliwa kwa kung'ata kucha?"

"Nenda kaoge."

"Nimeshaoga. Nimekuacha hivyo nikaenda kuoga, nimerudi nakukuta hivyohivyo. Dada, mwanamume akikupenda ana mdomo. Ana simu. Wewe wa kwako ana mshale."

"Kishale," akasahihisha, maana mwalimu wa lugha hata akizama atakurekebishia unavyoita msaada.

Mdogo wake akacheka, kisha akaacha kucheka, akaja kumwekea mkono begani. Hakusema tena neno. Hilo ndilo lililomuuma dada mtu, kwa sababu mdogo wake yule hunyamaza tu mambo yakiwa mabaya.

Shuleni wanafunzi walimwita dada huyu Bi Nukta. Sentensi isiyo na nukta aliirudisha kwa mwenyewe kama shati lisilopigwa pasi. Na huyo mwenye kishale cha kijani alikuwa mwalimu wa kompyuta, kijana mrefu, mpole, mwenye kipande cha waya mfukoni mwa shati kila siku iendayo kwa Mungu. Shule nzima, kuanzia Mkuu mpaka mlinzi wa geti, ilimwita Fundi Waya.

Yote yalianzia chumba cha walimu, mwanzo wa muhula. Bi Nukta alitupa rundo la daftari mezani akasema kidato cha pili kitamtoa roho: ukiwaambia waandike hadithi, wanakupa mistari mitatu na miayo thelathini. Fundi Waya akainua kichwa kutoka ndani ya mashine ya kuchapishia, wino puani.

"Waache waione kwanza, mwalimu," akasema. "Kuna tovuti ya kupanga hadithi kwa visanduku vya picha. Mtoto anachagua watu wake, anachagua mahali, anawaburuta anapotaka. Akishaona kinachotokea, maneno yatamjia."

"Na asiyejua kuchora?"

"Hata mimi sijui kuchora. Hakuna anayechora. Ni kusogeza tu."

Ni kusogeza tu. Laiti angejua!

Wakatengeneza ubao mmoja wa mfano kwenye tovuti hiyo kwa ajili ya darasa: mwanamke mshonaji upande huu wa barabara, mwanamume muuza taa upande ule. Walikubaliana jambo moja. Vile viputo vya maneno juu ya vichwa vya wahusika wangeviacha vitupu, ili wanafunzi wavijaze wenyewe. Kila jioni, kila mmoja akiwa kwao, waliingia kwenye ubao uleule kupanga visanduku vya kesho, na kila mmoja alimwona mwenzake kwa kishale chake.

Wiki ya kwanza ilikuwa kazi. Wiki ya pili kishale cha kijani kilimshika muuza taa kikamsogeza mpaka ukingo wa barabara. Cha zambarau kikamrudisha kibandani. Hadithi itaisha mapema, Bi Nukta alijiambia. Kesho yake muuza taa akafika katikati ya barabara. Akarudishwa. Siku iliyofuata akaja na taa mkononi. Akarudishwa, lakini taa ikaachwa pale njiani. Jioni moja Bi Nukta alibadilisha gauni la mshonaji, lililokuwa la kijivu, akalifanya jekundu, na kishale cha kijani kikasimama juu ya gauni lile, kikakaa, kikakaa, hata masikio yake yeye mwenye kutazamwa yakapata moto, wala hakutazamwa na mtu, ila na alama ndogo isiyo na macho.

Shuleni, je? "Habari za asubuhi, mwalimu." "Nzuri, mwalimu." Basi. Wakipishana ukumbini yeye alitazama waya mfukoni mwa mwenzake, na mwenzake alitazama vidole vyake vyenye chaki, kila mmoja akaenda zake na kiu yake.

Halafu ikaja ile jioni. Fundi Waya alimvusha muuza taa barabara nzima, akamfikisha kizingitini pa duka, akawasha taa, akageuza uso wake umwelekee mshonaji. Kisha akaacha. Hapakuwa na cha kuongeza. Ilibaki upande wa pili ujibu.

Na upande wa pili ukaogopa. Bi Nukta aliwahi kuwa mke wa mtu. Asubuhi moja, majirani wakifagia nje, mume huyo alimrudisha kwao na sanduku lake, kama mtu arudishavyo sufuria aliyoazima. Tangu hapo, mwanamume akikaribia mlango, yeye husikia mlio wa sanduku likitua sakafuni. Mkono wake ukamshika muuza taa, ukamburuta, ukampitisha barabara, ukampitisha kibanda chake mwenyewe, ukamtoa nje ya kisanduku kabisa. Akafutika, yeye na taa yake. Kishale cha kijani kilisimama kidogo pale alipokuwa amesimama. Kikazimika. Hakikurudi tena.

Kisha tangazo likabandikwa ubaoni shuleni: Fundi Waya anaazimwa na shule mpya ya mbali, akawafungie kompyuta na kuwafundisha walimu wao. Anaondoka kesho, mpaka mwezi wa nane.

Kwa hiyo jioni hii ilikuwa ya mwisho, na barabara ilikuwa tupu. Bi Nukta alifungua ghala la wahusika, akachukua muuza taa mwingine, mwenye kofia ileile na koti lilelile, akamweka kizingitini. Akamtazama. Lakini huyu hakuwa yeye. Huyu alisogea pale tu alipomsogeza.

*

Asubuhi chumba cha kompyuta kilijaa kelele za kidato cha pili, kundi hili likigombea kiti, kundi lile likigombea kipanya. Bi Nukta alikuwa na vipindi viwili mfululizo, mapumziko yakiwa katikati. Alikuwa amepaka poda chini ya macho, kazi bure.

"Leo kila kundi linamaliza mwisho wa hadithi yake," akasema. "Visanduku viwili. Maneno machache. Na nukta."

Wakacheka. Mkono ukanyanyuliwa mbele. Alikuwa binti mmoja waliyemwita Redio, kwa sababu hazimwi.

"Mwalimu, swali."

"Uliza."

"Muuza taa atarudi?"

"Muuza taa wa kundi lipi?"

"Wa ubao wa mfano. Uliyemfuta."

Darasa zima likageuka kumtazama.

"Nani kakwambia nimemfuta?"

"Tuliona, mwalimu."

"Mlionaje?"

Redio akageuka kutafuta msaada, lakini kila mwenzake alikuwa ameona jambo la maana kwenye kibodi yake. "Kile kiungo tulichopewa wiki ya kwanza, mwalimu. Ukikifungua jioni unaona vishale vinatembea. Cha kijani na cha zambarau. Tunaangalia wote. Kwetu naangalia na mama."

"Na mama!"

"Na bibi. Bibi yuko upande wa kijani."

"Kwetu baba alisema ile si haki," sauti ikatoka nyuma. "Mtu kabeba taa yake mpaka mlangoni, angalau aambiwe karibu maji."

"Kaa chini!"

"Nimekaa, mwalimu."

Bi Nukta alishika ukingo wa meza. Kila jioni! Gauni jekundu. Kile kishale kilichosimama. Vitu alivyodhani ni vyake na mtu mmoja tu duniani vilikuwa vikitazamwa jikoni kwa watu, sufuria zikiungua. Fundi Waya alikuwa ameufungulia ubao kwa darasa, watazame bila kugusa, kisha akasahau kuufunga. Yeye! Mtu anayewafokea walimu wote kuhusu maneno ya siri! Kweli mganga hajigangi.

Kengele ya mapumziko ikamwokoa. Walitoka mbiombio, na kila aliyepita alimtazama kwa huruma, kama atazamwavyo mgonjwa. Hilo lilimkera kuliko yote.

Alipoinua macho, Fundi Waya alikuwa amesimama mlangoni, boksi mikononi.

"Samahani, mwalimu. Nimekuja kuchukua waya za akiba za projekta. Gari la kule linakaribia."

"Chukua."

Hakuchukua. Aliweka boksi juu ya meza ya mwisho, mbali naye, kompyuta zote zikiwa kati yao.

"Watoto wameona," Bi Nukta akasema.

"Wameona nini?"

"Vyote. Tangu mwanzo. Hukuufunga ule ubao."

Alijielekezea kidole. "Mimi?"

"Wewe."

"Mimi sikufunga?"

"Na baba zao wameona. Na bibi zao. Kuna bibi mmoja anakushabikia."

Angependa akasirike, lakini uso wa yule mtu ulikuwa umepata aibu kubwa hivi kwamba kicheko kilimpanda kooni, na nyuma ya kicheko kulikuwa na machozi, akavimeza vyote viwili.

"Ndiyo maana," Fundi Waya akasema taratibu. "Ndiyo maana mama alijua."

"Alijua nini?"

"Asubuhi baada ya... baada ya ile jioni. Aliniwekea chai mezani akasema, 'Yule mwanamke wa cherehani, hapana. Usifungue tena ule mchezo.' Nikamuuliza kwa nini. Akaondoka na sahani yangu, sijamaliza kula."

"Nawe ukatii."

"Mama ni mama, mwalimu."

"Sikulaumu. Na sababu yake naijua, sihitaji kuletewa." Bi Nukta akafunga mikono kifuani. "Mwanamke aliyerudishwa kwao hapelekwi tena kwa mtu, kama mzigo uliokosewa njia."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema chochote! Hiyo ndiyo shida yako. Muhula mzima umenisogezea vikaragosi. Leo unaondoka. Nisogezee basi neno moja, hata kama ni kwaheri."

Fundi Waya alimtazama. Mtu huyu alikuwa akiifufua mashine iliyokufa kwa kuipuliza tu. Sasa alishika kingo za boksi kama mtu aliye juu ya ngazi inayotikisika.

"Ulipomtoa nje ya kisanduku," akasema, "nilidhani umenijibu."

"Sikukujibu wewe."

"Ulimjibu nani?"

"Eeh, ulimjibu nani?" sauti ya tatu ikauliza. "Hata mimi nataka kusikia."

Mlangoni alisimama mama mfupi, nguo zimenyooka, begi la mwanawe begani. Alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, amezalisha nusu ya mji, na bado alimtazama kila mtu kama aliyewahi kumshika miguu juu kichwa chini.

"Mama," Fundi Waya akasema, "ungeniachia begi getini."

"Getini nimwachie nani, mbwa?"

"Shikamoo, mama," Bi Nukta akasema, akikunja goti.

"Marahaba. Usininyenyekee, sijamaliza kukasirika." Akaweka begi chini, akavuta kiti cha mwanafunzi, akakaa katikati ya chumba kama hakimu. "Wewe ndiye wa zambarau?"

"Ndiye mimi."

"Mwanangu ana kasoro gani?"

Bi Nukta alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Sijakuelewa, mama."

"Nauliza Kiswahili. Jirani yangu kaja na simu yake: njoo umwone mwanao. Nikatazama. Mwanangu anavuka barabara, mwenzake anamrudisha. Nikasema sawa, ana haya. Kesho anamrudisha tena. Nikasema ana malezi. Wiki nzima anamrudisha! Nikasema huyu ana kiburi, lakini kiburi nacho ni kitu, mimi mwenyewe ninacho. Halafu jioni ile mwanangu kafika mpaka kizingitini, kasimama kwa adabu, kawasha taa, sisi wote tumeshika pumzi. Akamfuta! Akamfuta kama vumbi la chaki! Majirani wakanigeukia wakanipa pole. Mimi, pole! Kama nimefiwa!"

"Mama, ile ni katuni," Fundi Waya akasema.

"Wewe nyamaza. Katuni yenye mabega yako. Imeinama kama wewe, kama inaiomba radhi milango."

Bi Nukta hakujua acheke au alie. "Mama, hicho ndicho kilichokuudhi?"

"Ulitaka kiniudhi kipi?"

Akavuta pumzi. Afadhali lisemwe, liishe. "Nilishaolewa, mama. Nikarudishwa. Nilidhani ndiyo sababu."

"Mji mzima unajua uliolewa. Aliyekuoa nilimzalisha mimi, na hata siku ile alitoka matako kwanza." Yule mama hakutabasamu. "Kuolewa na kurudi ni ajali ya barabarani, mwanangu. Mtu hasutwi kwa nini aligongwa. Baba yake huyu ni mume wangu wa pili, na wa kwanza simtaji maana nimetoka kula. Mimi sikuulizi uliolewa na nani. Nakuuliza: umepona?"

Nje wanafunzi walikuwa wakipiga kelele za mpira. Ndani feni ilizunguka na mlio wake wa kukwaruza. Bi Nukta alitazama mikono yake. Angeweza kusema ndiyo. Neno fupi, nukta, wakatawanyika. Lakini alikuwa amechoka kuweka nukta mahali ambapo sentensi haijaisha.

"Sijui, mama," akasema. "Mtu akisimama mlangoni kwangu, nasikia sanduku langu likitua chini. Mpaka leo. Mwanao alipofika pale kizingitini, nilitamani aingie kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Ndiyo maana nikamtoa. Aliye nje hawezi kunirudisha kwetu." Akaushika tena ukingo wa meza. "Na tangu siku ile nimekaa kila jioni kumngoja. Nimeweka mwingine wa kufanana naye. Hafanani. Nilimfuta mtu mmoja, mama, na mtaa mzima ukawa giza."

Yule mama akamgeukia mwanawe.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi jibu. Nilikuzaa na mdomo, niliuangalia mwenyewe."

Fundi Waya aliacha boksi. Alizunguka meza ya kwanza, akajikwaa kwenye waya aliyoitandaza mwenyewe, akasimama.

"Mimi maneno yananishinda," akasema. "Yakinijia, yanakuja watu wameshalala. Lile gauni ulipolifanya jekundu... sikuwa naangalia gauni. Nilikuwa naangalia kwamba upo. Kwamba mahali fulani umekaa, na mkono wako uko juu ya kitu kilekile ulipo mkono wangu. Nikaogopa nikisogea utaondoka." Akaisukuma kando ile waya kwa mguu. "Nakupenda, mwalimu. Sikusema kwa sababu kusogeza kulikuwa rahisi. Na hilo sanduku lako, siku likiingia kwangu nitalipasua kuni."

"Sanduku zima unapasua la nini?" mama yake akauliza. "Litawekewa nguo za watoto."

Hapo Bi Nukta alicheka, machozi yakamtoka palepale, vyote viwili kwa pamoja, na hakuvimeza tena. Akajifuta kwa mkono wenye chaki, chaki ikabaki shavuni. Fundi Waya alinyanyua mkono amfute, akamkumbuka mama, akaushusha. Mkono ule ulikaa hewani muda mfupi tu, lakini yeye aliyekusudiwa aliuona, na shavu lake likaukumbuka kama lililoguswa.

Honi ikalia nje ya geti. Mara moja, kisha tena, kwa ukali.

"Gari," mama akasema, akasimama. "Sasa nisikilizeni, maana mimi sijasema nimekubali. Nimesema nimeuliza. Huyu ameahidi watu kazi, atakwenda, mwanamume haanzi mapenzi kwa kuvunja ahadi. Akirudi mwezi wa nane, na bado mnatakana, mje nyumbani mmevaa viatu, mkae kwenye viti, mseme kwa midomo. Mpaka hapo ubao ufungwe. Sitaki tena kuitwa na jirani."

"Na simu, mama?" Fundi Waya akauliza.

"Simu ya kusalimiana."

"Kusalimiana mara ngapi?"

"Toka hapa kabla sijabadili mawazo!"

Bi Nukta alizitia zile waya za projekta ndani ya boksi, akalibeba kumpa. Vidole vyao vikakutana chini yake, pale ambapo karatasi ngumu imejikunja, wala boksi halikuwa zito kiasi cha kushikwa na watu wawili kwa muda ule. Yule mama alitazama juu.

"Feni hii haijafutwa vumbi," akasema.

"Mwalimu," Fundi Waya akasema kwa sauti ya chini, kisha akaona neno lile ni dogo, akatafuta kubwa zaidi, hakulipata. "Mwalimu wangu."

"Nenda," akajibu. "Nenda, wasikuache."

Akaenda. Mama yake alimfuata na begi, akimkemea hatua kwa hatua kuhusu soksi. Bi Nukta alisikia viatu vyao ukumbini, vya mmoja virefu, vya mwingine vifupi, vikapungua. Alitaka kukimbilia dirishani. Dirisha lilielekea uwanjani, halikuelekea getini. Kwa hiyo alibaki amesimama mahali alipoachwa, vidole bado vimekunjika umbo la boksi.

Kengele ikalia. Kidato cha pili kikarudi kwa vishindo, kikajazana vitini, kikamwona mwalimu ana chaki shavuni na macho mekundu, kikaanza kunong'ona kama nyuki.

"Kimya," akasema. "Ule ubao wa mfano naufunga leo."

"Aaa, mwalimu!"

"Naufunga."

"Na bibi nimwambie nini?" Redio akalia. "Mwisho wake tutaujuaje?"

Bi Nukta alimtazama yule binti, akautazama mlango ulioachwa wazi.

"Mtaujua kama watu wengine wote," akasema. "Mkialikwa."

Darasa likalipuka. Madawati yalipigwa, mtu akapiga mluzi, mwingine akaangusha kiti. Yeye akawageuzia mgongo upesi, wasiuone uso wake, akashika chaki. Zaidi ya kelele zile, ng'ambo ya ukuta, alisikia gari likiwashwa, likakohoa, likakamata, likaanza kwenda. Alilisikiliza likifika kona. Alilisikiliza mpaka hapakuwa na cha kusikiliza, akaendelea kusikiliza.

Kisha akaandika tarehe.

"Mwalimu umekosea," wakamwambia kwa sauti moja. "Umeandika mwezi wa nane!"

Aliitazama. Kweli, mkono ulikuwa umetangulia.

Hakuifuta.